Painti Ikifika Kitandani, Wewe Taja Jina Lako

Mwezi uliopita nilijibu swali moja tu la damu, la yule dada wa Kariobangi aliyeambiwa HB yake (himoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu) ni 8 akadhani ameshakufa, na pale mwisho nikaongeza kamstari ati mwenye swali la magrupu ya damu atume. Weh! Simu imejaa mpaka inakwama. Kuna aliyetuma sauti ya dakika kumi na moja, kuna aliyepiga picha ya kadi ya kliniki upande wa nyuma ambao hauna kitu. Nimechagua yale yanayorudiwa rudiwa na majina nimeyatoa. Na tafadhali mniwache hiyo ya kuniita daktari, mimi ni mtu wa maabara, nimekaa kwa chumba cha damu miaka mingi nikipigiwa saa nane za usiku "Mzee painti mbili haraka!", yaani mifuko miwili ya damu, sasa nimestaafu niko Umoja nafuga kuku. Matibabu yako muulize daktari wako. Mimi nitakwambia vile damu inatembea kutoka mkono wa mtu mmoja mpaka kwa mwingine.

"Mzee habari. Msichana wangu alijifungua juzi kwa operesheni akavuja damu sana, wakasema anahitaji painti tatu, yeye ni A chanya. Bwanake ni O chanya na alikuwa hapo hapo ameshakunja shati, wakakataa kumtoa wampe bibi yake moja kwa moja, ati achangie kwa benki ya damu na huyu apewe nyingine. Tena wakamtoa msichana damu ya kupima mara mbili na mtu anavuja! Hiyo si ni kummaliza?" – Mama wa Kayole

Mama pole sana, na hongera kwa mjukuu. Najua huo usiku ulikuwa mrefu. Wacha nianze na hizo herufi manake zikieleweka haya mengine yanakuja yenyewe.

Kwa maabara tunachukua kigae cheupe, tunatia tone la damu mahali patatu. Kwa tone la kwanza naongeza dawa ya bluu, kwa la pili ya manjano, la tatu haina rangi, halafu nakitikisa pole pole mkononi kama mtu anayetafuta mawe kwa mchele. Haichukui hata dakika mbili. Damu inabaki laini kama juisi, ama inakatika vidonge vidonge kama chai iliyotiwa maziwa yaliyoharibika. Ikikatika kwa bluu wewe ni A, kwa manjano ni B, zote mbili ni AB, isipokatika popote kati ya hizo mbili wewe ni O. Lile tone la tatu ndilo la Resus, likikatika ni chanya, lisipokatika ni hasi. Basi. Msichana wako alikatika kwa bluu na kwa ile isiyo na rangi, ndio A chanya.

Sasa inakatika kwa nini? Seli nyekundu ziko na alama juu yake, na kwa yale maji ya damu, plazma, kuna kingamwili, hizo ni kama soja wa geti. Soja anajua magari ya plot yake, akiona la nje anapiga firimbi. Mtu wa A ako na soja wa kufukuza B, mtu wa B ako na wa kufukuza A, mtu wa O ako na wote wawili, mtu wa AB hana hata mmoja. Ukimwekea mtu wa A painti ya B hao soja hawangoji kesho, wanapasua zile seli ndani ya mishipa, figo zinaziba, presha inaanguka, na mtu anaweza kufa kwa damu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Hii siri imejulikana juzi tu ukifikiria. Huko London daktari mmoja wa wazazi, James Blundell, alianza kuwekea watu damu ya wenzao mwaka 1818 kwa sababu ya hao hao akina mama wanaovuja baada ya kuzaa, wengine wakapona, wengine wakafa na hakuna aliyejua kwa nini. Mpaka 1901 pale Vienna, Karl Landsteiner akachukua damu yake na ya wenzake wa kazi, akachanganya ya huyu na ya yule, akaona nyingine zinakatika nyingine hazikatiki. Alizipanga A, B na C, hiyo C ndiyo baadaye ikaitwa O, na AB ikapatikana mwaka uliofuata. Walimpa Nobel mwaka 1930. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Juni, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani, mkiona fulana nyekundu zimejaa mjini hiyo wiki mjue ni yeye.

Turudi kwa bwana wa msichana wako. Kwa herufi tu hakuna shida, seli za O hazina alama ya A wala ya B kwa hivyo soja wa msichana hawangezisumbua. Lakini damu haitoki kwa mkono ikaingia kwa mkono, hizo ni za kwa sinema. Kila painti inayochangwa lazima ipimwe ukimwi, hepataitisi B, hepataitisi C na kaswende, halafu ipimwe grupu upya hata kama mwenyewe ameapa anaijua, na hiyo inachukua masaa ambayo mama anayevuja hana. Ndio maana alipewa ile iliyokuwa imeshapimwa iko kwa friji, na ya bwanake ikaenda kujaza pengo. Halafu kuna hili ambalo watu wengi hawajaambiwa: mume kumwekea damu bibi yake ambaye bado anazaa si jambo zuri hata grupu zikipatana. Kwa seli za damu kuna alama nyingine ndogo ndogo kibao mbali na A na B, mwili wa mama unaweza kuzikariri, na mtoto anayekuja akirithi hizo alama za babake anakuta soja wa mamake wanamngoja. Huyo kijana mwambie alifanya vizuri sana kukunja shati, ila mchango wake ni wa mama mwingine.

Na hiyo ya kutolewa mara mbili, mama, hapo ndipo ningependa usome pole pole. Ni vijiko viwili vitatu tu, haimalizi mtu. Wacha nikwambie kilichonipata.

Ilikuwa usiku, hospitali sitaitaja, mimi peke yangu kwa zamu. Wodi ya wazazi ikaleta kichupa cha damu, painti mbili, haraka. Kwa kichupa kuna majina mawili tu, namba ya hospitali hakuna. Nikapima, B chanya, imekatika vizuri kabisa. Simu inalia, wananiuliza kama nimelala. Nikatoa painti mbili za B kwa friji nikaanza kuzilinganisha na damu ya kile kichupa, zikapatana. Sijui ni kitu gani kilinifanya niitishe kadi ya kliniki, pengine ni uvivu wa kutembea nikataka mtu aje azichukue mwenyewe. Kadi ikaja: O chanya. Nikakaa chini. Nikasema leteni damu nyingine, na safari hii muandike jina mkiwa mmesimama kando ya kitanda, si kule kwa meza. Ikaja O. Kumbe kwa ile wodi kulikuwa na akina mama wawili majina yao yanafanana yote mawili, vitanda vimepakana, na kile kichupa cha kwanza kilikuwa cha jirani. Kigae changu kilikuwa kimesema ukweli, ila kilisema ukweli wa mtu mwingine.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi ni nini kinachonitisha kwa kazi hii, sitakutajia ukimwi kwanza. Ajali mbaya za damu duniani kote nyingi huanza kwa jina: kichupa kimeandikwa vibaya, ama painti imefika kwa kitanda kisicho chake. Sampuli mbili zilizotolewa kwa nyakati mbili zikisema grupu moja, mtu wa maabara anapumua. Wakija kumtoa tena wape mkono.

"Niaje mzee. Mimi ni O hasi na wasee wa steji wananiita benki, ati naweza kupatia kila mtu. Ni ukweli? Na mimi nikianguka na nduthi nani atanipa?" – Kijana wa boda, Kangemi

Hawajadanganya. Seli zako hazina alama ya A, ya B wala ya Resus, kwa hivyo soja wa mtu yeyote akiziangalia haoni cha kupigia firimbi. Mgonjwa akifika amepasuka na hakuna muda wa kujua grupu yake, ndiyo hiyo damu yako inatafutwa. Ubaya ni hapo kwa swali lako la pili: wewe unapokea O hasi peke yake. Kenya karibu nusu ya watu ni O lakini hasi ni wachache mno, kwa hivyo friji inaweza kujaa O chanya na yako isiwe hata painti moja. Dharura ikibana kabisa mwanamume anaweza kupewa O chanya kwa mara ya kwanza na asipate shida hapo hapo, madaktari wanaamua hivyo manake afadhali hiyo kuliko kukupoteza, lakini huo si mpango wa kutegemea.

Nakuomba mambo mawili. Andika grupu yako kwa karatasi iweke pamoja na leseni. Si ati watakuwekea damu kwa kuamini hiyo karatasi, hapana, watapima tu, ila inawaamsha waanze kutafuta mapema. La pili, changia kila baada ya miezi mitatu, hiyo inaruhusiwa kwa wanaume, wanawake ni miezi minne. Halafu usisahau kofia ngumu.

Kuna kitu kidogo cha kuongeza hapa kwa wale mnaopenda kubishana: hiyo ya "benki" ni kwa seli nyekundu tu. Kwa plazma mambo yanageuka, hapo anayeweza kumpa kila mtu ni AB, kwa sababu plazma yake haina soja yeyote, na yako wewe kijana imejaa wote wawili, inawafaa wenzako wa O peke yao.

"Mzee wangu, nina mimba ya kwanza miezi mitano. Mimi ni A hasi, mume ni B chanya. Kliniki wameniambia nitahitaji sindano ya bei na majirani wanasema wanawake wa hasi mimba zao hutoka zote mpaka watafute mume wa hasi. Nimeshindwa kulala." – Binti wa Githurai

Lala mwanangu. Hao majirani wamechukua kitu cha kweli wakakipika mpaka kikaungua.

A na B zenu hazina maneno, wekeni kando. Shida iko kwa hiyo hasi na chanya. Mtoto akirithi chanya ya babake, damu yake kidogo inaweza kuingia kwako, sana sana siku ya kuzaa. Mwili wako haujawahi kuona hiyo alama, kwa hivyo unatengeneza soja wake, lakini inachukua muda, na huyu wa kwanza kwa kawaida anakuwa ameshatoka zamani ananyonya. Ni wa pili ama wa tatu ndio wanaumia: wale soja wanapita kwa kondo la nyuma, wanapasua seli za mtoto, anaishiwa damu angali tumboni, ama anazaliwa na manjano mbaya, ama tunampoteza.

Sindano yenyewe inaitwa anti-D. Kazi yake ni kuondoa hizo seli za mtoto zilizoingia kwako kabla mwili wako haujazikariri. Inapewa karibu wiki ya 28 pale ambapo inapatikana, halafu tena ndani ya masaa 72 baada ya kujifungua kama mtoto amepimwa akapatikana chanya. Akiwa hasi kama wewe huhitaji ile ya baada ya kuzaa. Na si kuzaa tu, mimba ikitoka, ikitunga nje ya mfuko wa uzazi, ukivuja damu katikati ama ukigongwa tumbo kwa matatu, nenda siku hiyo hiyo useme "mimi ni hasi". Wanawake wengi wanaumizwa na ile mimba ndogo iliyotoka nyumbani bila mtu kujua, hakuna sindano, halafu wanashangaa baadaye. Uliza pia kama wamekupima kingamwili, manake ikiwa mwili umeshatengeneza hao soja sindano haiwatoi, hapo unahitaji daktari wa kukuangalia kwa karibu zaidi.

Bei inauma, najua. Anzeni kuweka kidogo kidogo saa hii na muulize mapema kama hospitali mtakayozalia huwa nayo, usingoje masaa 72 yaanze kuhesabu ndio bwana aanze kuzunguka mji mzima akitafuta duka la dawa.

Na ona vile mambo yanashikana na ya yule mama wa Kayole. Mwaka 1939 huko Marekani madaktari wawili, Levine na Stetson, waliandika habari ya mama mmoja aliyejifungua mtoto amekufa, akahitaji damu, wakampa ya mumewe kwa sababu wote wawili ni O. Karibu imuue. Wakati huo hii alama ya Resus ilikuwa haijapata jina, na yule mtoto ndiye alikuwa amemfundisha mamake kuikataa damu ya baba.

"Mimi ni A, bibi ni B, mtoto wetu amepimwa shuleni ni O. Mamangu amesema waziwazi mezani kwamba huyo si damu yetu. Nisaidie mzee kabla nyumba haijavunjika." – Baba wa South B

Mtoto anaweza kuwa wenu kabisa. Mwambie mama, kwa heshima, arudishe maneno.

Kila mtu amebeba herufi mbili, moja ya babake moja ya mamake. O ni mpole, akikaa na A haonekani, kigae kinasoma A tu. Wewe unaweza kuwa A na O ndani, bibi B na O ndani, kila mmoja akampa mtoto ile O iliyojificha na mtoto akawa O. Nyinyi wawili mnaweza kuzaa A, B, AB ama O, grupu zote nne kwa nyumba moja. Hata chanya wawili wanaweza kupata mtoto hasi kwa njia hiyo hiyo.

Yanayotia shaka ni mengine, kama wazazi wote ni O na mtoto ni A, ama mzazi mmoja ni AB na mtoto ni O. Hata hapo cha kwanza ni kupima tena watu wote watatu mahali panapoeleweka, manake nimeona grupu za kadi za shule zilizoandikwa na mtu akiwa na foleni ya watoto mia mbili. Grupu inaweza kusema "hapa kuna kitu hakipatani", haiwezi kusema baba ni nani. Hiyo ni kazi ya DNA.

"Mchumba wangu ni AS na mimi ni AS. Hiyo ni grupu gani na tunaweza kuchangiana damu?" – Dada wa Kibra

Hiyo si grupu dada, ni habari ya himoglobini, mambo ya selimundu. Mtu anaweza kuwa O chanya na AS kwa wakati mmoja, ni vipimo viwili tofauti. Swali lenu kubwa haliko kwa damu ya kuchangiana, liko kwa watoto: AS na AS wakizaa, kila mimba iko na nafasi moja kati ya nne ya mtoto SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Kila mimba upya, si ati wa nne ndiye atakuwa mgonjwa na watatu wamepona. Nendeni mkaongee na mtaalamu kabla ya ruracio, yaani kabla mahari haijapelekwa.

"Babangu alitapika damu ya vidonda vya tumbo akalazwa. Walipomwekea painti, dakika kama kumi akaanza kutetemeka na joto likapanda, sista akafunga akakimbia nayo. Tukapiga kelele kwamba wamempa damu mbovu. Jioni akawekewa nyingine akawa sawa. Ile ya kwanza ilikuwa nini?" – Kitinda mimba, Dagoretti

Huyo sista mtafuteni mmuombe msamaha. Alifanya kila kitu vile tunavyotaka.

Ukiwekewa damu, mwanzo inaenda pole pole, na zile dakika 15 za kwanza mtu hapaswi kuachwa, manake kama ni grupu isiyopatana hapo ndipo inajionyesha: baridi, joto, maumivu ya mgongo ama kifua, kuchomeka pale sindano ilipoingia, mkojo mweusi kama kokakola, na wagonjwa wengine wanasema tu "sista, nahisi vibaya" bila kujua kueleza. Sasa joto na kutetemeka mara nyingi ni kitu kidogo, mwili umekasirishwa na mabaki ya seli nyeupe za mchangiaji. Wengine wanajikuna tu. Ila ukiwa umesimama kando ya kitanda huwezi kujua ni kile kidogo ama ni kile kinachoua, kwa hivyo unafunga kwanza, unaacha sindano na dripu ya maji ya chumvi, unasoma tena jina la mgonjwa na la painti, halafu unarudisha ile painti kwa maabara pamoja na damu mpya ya mgonjwa. Mtu wa maabara anarudia kila kitu tangu mwanzo. Babako alipewa nyingine jioni, inaonekana huko nyuma kuna mtu aliyefanya hiyo kazi na hamkumwona.

Kwa mzee wa umri wake kuna lingine la kuangalia, kukohoa na kushindwa kupumua, hiyo huwa damu imeingia haraka kuliko moyo wake unavyoweza kubeba. Semeni mapema.

Na kwa vile mmekaa kando ya kitanda, mnaweza kusaidia bila kelele. Painti inakaa kwa friji ya nyuzi 2 mpaka 6, ikitoka ianze ndani ya nusu saa na iishe ndani ya masaa manne. Isikae kwa dirisha la wodi ikingoja mtu amalize chai. Isitiwe kwa maji moto na isikumbatiwe kwapani, hiyo nimeiona kwa macho yangu, mama wa watu akidhani anamsaidia mtoto wake asisikie baridi. Kabla haijafunguliwa watu wawili wasome kwa sauti: jina, namba ya mgonjwa, grupu, tarehe ya kuharibika. Na mgonjwa aulizwe "unaitwa nani?", asiulizwe "wewe ndiye Kamau?", kwa sababu mgonjwa aliyechoka anaitikia Kamau, anaitikia Otieno, anaitikia chochote bora mumwache alale. Kama hawezi kuongea kuna ile bangili ya mkononi, na kama hana bangili, ulizeni bangili iko wapi. Sista mzuri hakasiriki ukimuuliza hayo.

Haya, yaliyobaki ni ya haraka.

Yule wa Eastleigh anayeuliza damu inauzwa ngapi: damu haiuzwi, ni marufuku. Ukiona mtu anakuvuta kando kwa korido ati ako na painti ya elfu kadhaa, ripoti.

Aliyeuliza kama bitruti na soda nyeusi yenye maziwa huongeza damu. Bitruti kula kama unaipenda, rangi yake tu ndiyo inafanana. Damu inataka madini ya chuma: maini, nyama, managu, terere, ndengu, maharagwe, na chungwa kando linasaidia. Chai ya majani mara tu baada ya chakula inazuia hayo madini yasiingie, kwa hivyo ingoje kama saa moja. Najua nimewaudhi. Kama HB iko chini sana tafuta kinachoimaliza, usitegemee sufuria.

Bwana anayetaka kuchangia ndio ajue kama ako na virusi: tafadhali usifanye hivyo. Siku za kwanza baada ya kuambukizwa kipimo kinaweza kukosa kuona kitu, na painti yako ikaenda kwa mtoto. Kupima ni bure, nenda kituo cha afya.

Kuhusu kwa nini damu hukosa, wengi mmelalamika. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwa ubalozi wa Marekani hapa mjini watu zaidi ya 200 wakafa, Wakenya walipanga foleni kutoa damu, na ni baada ya hapo ndipo huduma ya kitaifa ya damu ikajengwa. Septemba 2013, shambulio la lile jumba la maduka la Westgate, foleni tena. Hizo foleni ni nzuri, ila seli nyekundu kwa ile mifuko ya kawaida zinaharibika baada ya siku 35, huwezi kuzikusanya zote wiki moja ukangojea mwaka mzima. Siku zingine tunabebwa na wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa friji zinabaki na mwanga tu.

Na wa mwisho ni mwanafunzi wa Buruburu, ako na miaka 17 na kilo 48, walimrudisha kwa sababu ya uzito akaona aibu mbele ya darasa. Kijana, sheria ni miaka 16 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, HB 12.5 kwenda juu. Wanatoa kama mililita 450, na wewe ni mdogo bado, wangekutoa ungeanguka kwa ngazi. Umebakisha kilo mbili. Ukizifikisha, kituo cha damu cha Nairobi kiko hapo kwa uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, kula kwanza, kunywa maji, wakikutoa kaa chini umalize soda yako na biskuti kabla hujaanza kukimbilia matatu.